Chaguo la tano

Juzi usiku mdogo wangu wa kwa mama mdogo kanitumia voisi ya dakika nne. Katoka JKT juzi juzi, sauti bado ya kule ya kujibu "ndio afande", matokeo ya form six anayo, dirisha la maombi ya vyuo liko wazi na anauliza kitu kimoja tu, dada nichague chuo gani, Mlimani au Dodoma? Mi nataka tu chuo kizuri. Na kwenye grupu la familia ndo kumewaka, mjomba anasema ualimu hauna njaa, baba yake anataka sheria, shangazi kaandika kwa herufi kubwa ASOME KITU CHENYE AJIRA afu hajasema ni kitu gani, kaondoka.

Nilikua nimechoka nikamjibu kimkato, "chagua unachokipenda". Nikazima data nikalala. Usingizi ukagoma, maana jibu hilo hilo nlipewa mimi mwaka 2016 na halikunisaidia hata chembe. Mtoto wa miaka 18 aliyekulia Sengerema anapenda nini? Anapenda alichokiona. Kaona daktari, kaona mwalimu, kaona polisi, kaona mwanasheria kwenye tamthilia. Basi mimi nikapenda udaktari, kama wenzangu wote wa PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia, darasa zima lilikua la madaktari watarajiwa, ukiuliza nani anataka kusoma kitu kingine watu wanakuangalia kama umetukana.

Nikapata division two ya 11. Bailojia C, kemia D, fizikia D. Nikaenda stesheneri moja pale mjini, mwaka huo bado maombi yote yalikua yanapitia mfumo mmoja wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wa mwaka 2017 ndo wakaanza kuomba vyuoni moja kwa moja kama nyinyi mnavyofanya sasa. Kuna foleni, kijana wa stesheneri ana haraka, umeme unakatika katika. Chaguo la kwanza udaktari, la pili udaktari chuo kingine, la tatu famasi, la nne uuguzi. Akanigeukia, "sista bado moja, nijaze nini?" Nikamwambia jaza chochote. Akasema basi nakuwekea hii ya samaki ya SUA, chuo cha kilimo kule Morogoro, watu hawaijui utaipata. Nikalipa nikaondoka kula chipsi.

Nikaipata.

Yaani nataka mnielewe hapa kwa sababu ndo kitu chenyewe nlichokuja kusema leo. Chaguo la kwanza nlilifikiria miaka sita, tangu form one. La tano nililifikiria sekunde tatu, tena nikiwa nachungulia muuzaji wa chipsi. Na ndilo nlilolisoma miaka mitatu, ndilo linalonilisha mpaka leo. Watu wengi ninaowajua hawakusoma chaguo lao la kwanza, rumeti wangu, kaka yangu, bosi wangu wa sasa hivi, wote walisoma kile walichojaza wakiwa wamechoka.

Udaktari sikukosa kwa kuonewa. Kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa TCU ni mlango wa kuingia kwenye foleni tu. D D D zinakuruhusu kusimama, ila mbele yako kuna watu wenye A na B na nafasi zinahesabika, na kitabu hicho hicho kinakuandikia kila kozi inachukua watu wangapi, mimi ile namba sikuwahi kuiangalia. Afadhali hata mimi, nlikua na rafiki alisoma CBG, yaani kemia, bailojia na jiografia, miaka miwili akiota koti jeupe kuja kugundua udaktari bila fizikia haiwezekani, miaka miwili hakuna mtu alimwambia, na yeye hakuuliza kwa sababu aliona ni kitu cha wazi, kemia si anayo, bailojia si anayo.

Habari ikafika nyumbani. Babu yangu kavua maisha yake yote, kaka zake baba wana mitumbwi, kijijini ukiamka unalisikia ziwa. Baba mkubwa akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani unatoka kwenye ziwa unaenda Morogoro kusomea samaki? Morogoro kuna ziwa?" Sikua na jibu. Nikavuka na kivuko pale Busisi, enzi hizo daraja bado, nikalala Mwanza kwa shangazi, alfajiri basi, jioni giza linaingia nipo stendi ya Msamvu, Morogoro, na begi na ndoo na godoro nalia kimya kimya na konda ananiambia dada sogea njiani.

Mwaka wa kwanza niliuharibu mwenyewe, simlaumu mtu. Nilikua nimenuna. Nlisema nitasoma semista moja afu nitahama, kuhama kwenyewe sijui kunafanyikaje, kwahiyo lekcha naenda nikijisikia, semina siendi kabisa. Bumu la kwanza, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likaingia, wakati ule ni 8,500 kwa siku wanakupa za siku 60 kwa mpigo, 510,000, mtoto wa mkulima hajawahi kushika hela hiyo, nikanunua simu ya 280,000. Hahaha. Wiki ya tano nakula uji na kitumbua kimoja, simu nzuri haina bando. Siku hizi wanapata 10,000 kwa siku ila naona hadithi ni ile ile tu, simu zimepanda bei pia. Afu ikaja takwimu, mtihani ule nliuingia kama mtu anaenda sokoni bila hela, nikapata sapu, yaani kurudia mtihani. Kurudi mwezi wa tisa kufanya sapu wakati wenzako wako makwao, bweni limepoa hivi, milima ya Uluguru iko pale inakuangalia na mawingu yake, pale ndo akili ilianza kurudi kidogo.

Ila kilichonirudisha kabisa ni mtu. Darasani kwetu kulikua na kaka mmoja mkubwa kwetu sote, alikua na diploma ya chuo cha uvuvi Nyegezi kule Mwanza na alishafanya kazi miaka kadhaa ndo akaja digrii. Tulimwita Mjomba. Sisi tunakariri majina ya kilatini yeye anacheka. Siku moja Jumamosi, mwaka wa pili, akaniambia wewe si mtu wa ziwani, njoo kwenye mabwawa nikuonyeshe kitu. Nikaenda kwa sababu alisema kuna chai.

Akaingia bwawani na wavu akatoa sato jike, akamshika kichwa taratibu akamfungua mdomo juu ya beseni, mdomoni yakamwagika mayai, manjano, kama punje za mtama. Mimi nimezaliwa ziwani, sato nimewapaa magamba tangu nina miaka saba, sikujua kama jike anaatamia mayai mdomoni. Akiyabeba hivo karibu hali kabisa mpaka yaanguliwe. Nikaanza kuuliza maswali mfululizo. Kumbe ndio maana kwenye bwawa mkichanganya majike na madume samaki wanabaki vidagaa, jike kila saa yuko kwenye kuzaa hakui, bwawa linajaa watoto wanagombania chakula, kwahiyo wafugaji wanatafuta vifaranga madume tupu, na njia inayotumika sana ni kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni wiki tatu nne za mwanzo wakiwa wadogo kama kope. Nilivyompigia baba mkubwa kumwambia kwamba tunawageuza majike kuwa madume akakata simu. Afu akapiga tena, "hebu rudia".

Kuanzia hapo kila Jumamosi nipo kwenye mabwawa. Hakuna aliyenilazimisha, haikua na maksi. Nikajifunza kwamba oksijeni kwenye maji inakua chini kabisa alfajiri, kwa sababu usiku kucha mwani na mimea ya majini inavuta oksijeni kama sisi na jua halipo la kutengeneza nyingine, kwahiyo ukikuta samaki wako juu wanahema midomo wazi saa kumi na moja asubuhi hawakusalimii, wanakufa. Hii iko kwenye notsi, ukurasa wa pili tu. Nliisoma mwaka wa kwanza nikaijibu kwenye mtihani na sikuielewa mpaka nlipoamka siku hiyo na koti na tochi na kile kipimo cha oksijeni.

Sasa mdogo wangu anauliza chuo kizuri. Chuo kizuri kwa nani? Mlimani ni chuo kikubwa, kipo tangu 1961, kimetoa maraisi, hilo halina ubishi. Ila kuna watu wanachagua Mlimani ili waseme wako Mlimani, kozi inakuja baadae, kama vile mtu anaenunua kiatu kwa kuangalia boksi. Afu kuna suala la mji ambalo wengi hawalipigii hesabu. Dar na Morogoro bumu ni lile lile, ila kodi ya chumba sio ile ile, nauli sio ile ile, na ukikosa hosteli ukapanga mbali, daladala mbili kwenda mbili kurudi, hapo hela na saa zako zinaishia barabarani, jioni kupiga msuli huwezi umechoka. Sisi Morogoro ukikosa hosteli unapanga Mafiga au Misufini, siku nyingine unatembea tu kwa mguu unafika, nyanya na mchicha wa milimani bei chee. Mi naamini kabisa mji mdogo uliniokoa, na simu yangu ile ningekua Dar ningeuza na godoro.

Na pia asidharau vile vyuo ambavyo sio vikuu. Mjomba alianzia Nyegezi, diploma, akapata kazi, ndo akaja digrii akiwa anajua anatafuta nini, na alituacha wote mbali. Siku hizi hata baadhi ya diploma zinapata mkopo wa Bodi ya Mikopo, afya, kilimo na mifugo, ualimu na kadhalika, kitu ambacho enzi zetu mi sikukisikia. Nyumbani kwetu ukisema diploma watu wanakupa pole. Sijui nani alianzisha hii.

Kuhusu mkopo neno moja, ule ni mkopo. Ukianza kazi asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi na itakatwa miaka. Mwaka wa kwanza nlikua nasikia watu wanasema hela ya serikali hiyo, kula bata. Mi bado nalipia ile simu mpaka leo na ilishaibiwa 2018 pale Msamvu.

Mwaka wa pili mwishoni ikaja fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Hapa ndo natamani mtu angenishika masikio. Wenzangu wengi walikimbilia ofisini, kwenye kiti na feni, au nyumbani karibu na mama apikiwe, ili mradi kitabu cha fildi kigongwe muhuri. Mjomba akaniambia nenda mahali watakapokuchosha. Nikaandika barua sita, tano hazikujibiwa, moja ikajibiwa ya mtu anafuga sato kwenye vizimba ziwani upande wa Mwanza. Vizimba ni nyavu kubwa kwenye fremu zinaelea, unalisha kutoka juu. Wiki nane. Kazi ya kwanza nlipewa kubeba mifuko ya chakula. Ya pili kuhesabu waliokufa. Hakuna aliyejali nasoma digrii, wale vijana wa pale darasa la saba wanajua kuangalia samaki wanavyokula na kukwambia kizimba cha tatu leo kina shida kabla kipimo hakijasema.

Afu ikaja aibu, siwezi kuogelea. Mtu wa Sengerema, msomi wa samaki, siwezi kuogelea. Nlikua nakaa kwenye boti nimeng'ang'ania life jaketi kama mtoto na mgongo wa mama yake. Wakanifundisha, jioni baada ya kazi, bure, kwa vicheko.

Ila kitu kimoja nilikua nacho wao hawana, ile takwimu niliyopata sapu. Baada ya sapu nliisoma kwa hasira nikaielewa. Nikachukua daftari lao la kulisha, limelowana limelowana, nikaliingiza kwenye Excel usiku, chakula kiasi gani kimeingia na samaki wameongezeka kilo ngapi. Kwenye ufugaji wa samaki chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote, kwahiyo ukipoteza hapo umepoteza biashara. Ikaonekana vizimba viwili vinalishwa sana kuliko vingine na havikui zaidi. Mwenye mali akaangalia ile karatasi muda mrefu bila kusema kitu, akauliza unamaliza lini chuo. Ndio usaili wangu ulikua huo, sijawahi kufanya mwingine.

Sisemi GPA, ule wastani wa maksi za chuo, haina maana, msije mkaninukuu vibaya kule kwenye grupu. Mi nilitoka na 3.6. Kama mtu ana ndoto ya kubaki chuoni afundishe, ajue mapema kwamba wanaanzia 3.8, na GPA ikishavurugika mwaka wa kwanza kuipandisha ni kama kusukuma gari kwenye tope, kule kununa kwangu kwa semista mbili kulinifungia huo mlango moja kwa moja. Na nilikua nataka, mwaka wa tatu nilitamani sana. Basi tena.

Na kuna vitu vingine najutia vya kijinga zaidi. SUA pale kuna panya, wale buku wakubwa wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Miaka mitatu nasikia "panya wa SUA" nikajua ni utani. Sikwenda kuwaona hata siku moja. Mwaka 2020 nimeshamaliza chuo nasoma habari nakuta panya anaitwa Magawa kapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa kazi aliyofanya Cambodia, kumbe kazaliwa pale pale Morogoro, kaondoka 2016, mwaka ambao mimi ndo nashuka Msamvu nalia na ndoo. Watu wanatoka Ulaya wanalipa nauli kuja kuwaona, mi nilikua natembea kwa mguu nashindwa. Na kampasi ya Mazimbu vile vile, nlikua naenda kule kusalimia rafiki na kula, mwaka wa tatu ndo mlinzi mmoja mzee akanionyesha makaburi, akaniambia hapa ilikua shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, vijana wa Afrika Kusini walikimbilia hapa toka miaka ya 70 mpaka 1992 walipoikabidhi kwa serikali, hawa wengine hawakurudi kwao. Jina la Solomon Mahlangu, ndilo la kampasi hiyo, nililiandika kwenye bahasha mara ngapi sijui bila kuuliza ni nani. Maktaba ya Sokoine nayo ndo maktaba ya kilimo ya taifa zima, mi niliijulia pa kuchajia simu.

Kwahiyo jana asubuhi nikampigia mdogo wangu, nikamwambia futa lile jibu langu la juzi. Nikamwambia udaktari kama unautaka weka, usiogope, ukipata nitafurahi kuliko mama yako. Ila hiyo orodha yako nisomee kuanzia chini kwenda juu. Akanisomea. Ya chini kabisa kozi moja, sitaitaja jina, ya Dodoma. Nikamuuliza masomo ya mwaka wa pili ni yapi, hajui. Unamjua mtu yeyote anaisoma, hajui. Waliomaliza wanafanya nini, kimya. Kwanini umeiweka?

"Ilikua imebaki nafasi dada."

Nikamwambia usigonge kutuma. Tafuta mtu mmoja tu wa mwaka wa pili anaesoma hiyo kitu, sio yule aliyesimama kwenye maonyesho pale Mnazi Mmoja anagawa vipeperushi na kofia, yule kavaa shati la chuo atakwambia kila kitu ni kizuri. Mtafute alieko bwenini, jioni, kachoka, muulize leo umefanya nini kuanzia asubuhi. Afu ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja usikae unajisifia kwenye status, thibitisha kimoja kwa ile namba ya kuthibitisha wanayokutumia kabla muda haujaisha.

Jana usiku saa nne kanitumia meseji, kampata dada mmoja kupitia rafiki wa rafiki. Wameongea dakika arobaini, bando langu. Kasema ile kozi kaitoa, alivyoelezewa siku yao inavyokwenda akasikia usingizi hapo hapo. Kabakiwa na nafasi wazi kule chini na anauliza ile yangu ya samaki inahitaji masomo gani.

Nikamwambia kwanza aje Mwanza, alfajiri, avae koti.